DAKTARI ATIMAN WA KAREMA

Safari hii nawaletea habari za Adrian Atiman wa Karema, kule kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa Mkatoliki, na msomaji mmoja au wawili wataniuliza habari zake zinatuhusu nini. Naam, ugonjwa haubagui dhehebu, na ujinga pia.

Alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Hapa ndipo mimi husimama kidogo. Watoto wangapi waliuzwa katika masoko yale? Sidhani Atiman aliwapita wote kwa akili. Aliwapita kwa kufunguliwa mlango.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa mapadri hao, alitaka Waafrika watibiwe na Waafrika wenzao. Mwaka 1881 vijana waliokombolewa walipelekwa kisiwani Malta kusoma utabibu, na Atiman akiwa mmojawao. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi sasa anajifunza mifupa na mishipa ya binadamu! Masomo yaliisha 1888. Kweli, elimu ile ilikuwa na masharti: usome, kisha uende utakakotumwa. Hata hivyo, aliyoyajifunza yalikuwa yake, hakuna aliyeweza kuyauza tena.

Nilipoanza kufundisha, mtoto kufaulu darasa la saba halikuwa jambo la kutosha. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Wawili au watatu waliitwa, na wenzao, wengine wakiwa hodari vilevile, walirudi shambani na kwenye mitumbwi. Nyuso zao nazikumbuka kuliko za waliochaguliwa. Ada iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita, nasi wazazi na walimu tukashukuru. Lakini sare, daftari na chakula havikuondolewa, na msichana anayepanga chumba mjini ili awe karibu na shule bado ana hatari zake. Wazee wa kanisa wanazijua.

Turudi kwa daktari wetu. Alitembea kwa miguu kutoka pwani, akafika Karema 1889, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome na kuikabidhi kwa mapadri mwaka 1885. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa watawala wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padri mwaka 1923. Yeye mwenyewe alitibu wagonjwa na kufundisha dini palepale kwa miaka 67. Alifariki Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika.