Marehemu Michael Grzimek: Mlinzi wa Serengeti Aliyeshika Kamera

Wapo walinzi wa nchi ambao silaha yao haikuwa bunduki. Leo tumekusudia kuwasimulia wenzetu wa jeshi na polisi maisha ya kijana wa Kijerumani, marehemu Michael Grzimek, ambaye kamera yake iliifanya mbuga ya Serengeti ijulikane duniani kote, na ambaye aliiacha roho yake huko huko akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Michael alizaliwa mjini Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na tangu mwaka 1945 aliiongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo vita vikuu vilikuwa vimeiacha magofu. Kijana akakulia miongoni mwa wanyama, na mapema akajifunza kupiga picha za sinema. Mwaka 1956 baba na mwana walitoa filamu waliyoipiga Kongo, wakati huo ikiwa chini ya Wabelgiji, wakaonyesha jinsi wanyama wa porini wanavyonyimwa mahali pa kuishi. Filamu ile ilipata tuzo katika tamasha la Berlin, nayo ikawaletea fedha.

Fedha hizo walitaka kuzitumia kununua ardhi kwa ajili ya hifadhi za Tanganyika. Mkurugenzi wa hifadhi hizo, Kanali Peter Molloy, akawapa shauri jingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikikusudia kuigawa Serengeti na kuitenga sehemu ya mashariki, Ngorongoro ikiwamo. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua idadi ya wanyama, wala njia wanazopita wanapohama. Kanali akawaomba wapate kwanza habari hizo. Sisi tuliovaa sare twaielewa mara moja hekima yake: mpaka hauchorwi kabla ya upelelezi kufanyika.

Basi baba na mwana wakajifunza kurusha ndege. Wakanunua ndege ndogo ya aina ya Dornier, wakaipaka milia kama punda milia, na mwishoni mwa mwaka 1957 wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Mwezi Januari 1958 waliigawa mbuga vipande vipande, wakaruka chini chini kwa mistari iliyonyooka, huku wakihesabu kundi baada ya kundi. Hesabu yao ilifikia wanyama wakubwa wapatao 367,000, na miongoni mwao nyumbu walikuwa takriban 99,000. Isitoshe, waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni, ili waweze kuwatambua kutoka angani na kufuatia safari zao. Wakagundua kwamba katika miezi ya mvua makundi makubwa hulisha katika nyanda zile zile ambazo mpaka mpya ungeziacha nje ya hifadhi.

Muda wote huo kamera haikulala. Michael alipiga picha za misururu ya nyumbu isiyo na mwisho, akapiga pia picha za mitego ya waya na ya wanyama walionaswa humo. Watu wa Ulaya ambao hawakuwahi kuikanyaga Afrika wakaona kwa macho yao kile ambacho taarifa za ofisini zilikuwa zimeshindwa kuwafahamisha.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Ndege yake iligongana na tumbusi, bawa likaharibika, ikaanguka, naye akafa. Alimwacha mjane mwenye mtoto mdogo na mimba tumboni. Akazikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, na juu ya kaburi lake ikajengwa piramidi ya mawe. Baba yake alijikaza, akaikamilisha filamu pamoja na kitabu chenye jina lile lile, lenye maana kwamba Serengeti isife. Mwaka 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar nchini Marekani. Mzee Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.

Si kila walichokitaka kilitimia. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ingawa hifadhi iliongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya. Wamaasai waliokuwa wakichunga ng'ombe wao Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, na jambo hilo lingali na uchungu mioyoni mwao. Picha ya nyika na wanyama haina budi kutazamwa pamoja na watu wanaoishi humo. Hata hivyo kazi ya kuhesabu iliyoanzishwa na ndege ile yenye milia haikukoma. Baada ya ugonjwa wa sotoka kutokomezwa kwa kuwachanja ng'ombe, nyumbu waliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja.

Nasi hapa Uganda tuna la kujifunza. Katika miaka ya 1960 tulikuwa na tembo wapatao 30,000. Kufikia mwaka 1980 walibaki kama 2,000, na muda si mrefu faro nao wakaangamia kabisa. Risasi nyingi zilizowaua zilitoka katika bunduki za watu waliovaa sare. Akiba haiozi, lakini akiba inayoporwa na mlinzi wake haina wa kuiokoa.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukutanapo na mtego wa waya katika doria, ung'oe na utoe taarifa kwa walinzi wa hifadhi. Ukiwa na kamera, piga picha ya mahali ulipotegwa. Michael Grzimek hakuwa na cheo wala kikosi, lakini ushahidi aliouacha ungali unailinda Serengeti.