Maisha ya Moses Kunitz

Wanafunzi wenzetu, hapa Kalemie kila mtu anaogopa koboko, na kila mtu anachukia kimputu, ile papasi ya mu nyumba za udongo. Lakini sumu ya koboko na mate ya kimputu yako na ndugu mmoja ndani ya ng'ombe. Aliyefungua njia ya kujua jambo hilo ni Moses Kunitz.

Alizaliwa mwaka 1887 huko Slonim, zamani chini ya Urusi, leo Belarus. Mwaka 1909 akahamia Marekani. Huko New York alisoma shule ya usiku, na mwaka 1913 akaingia Taasisi ya Rockefeller, msaidizi tu wa Jacques Loeb. Udaktari wa masomo aliupata mwaka 1924. Basi wenye kulia kwamba wamechelewa darasa, wangoje kidogo!

Loeb alipokufa, Kunitz akafanya kazi na John Northrop. Wakati ule wakubwa wengi walikataa kwamba enzimu ni protini. Hawa wawili walichukua kongosho za ng'ombe, wakachuja, wakasafisha na chumvi, mpaka tripsini ikatoka fuwele safi. Tripsini ndiyo inakata nyama tunayokula. Sasa juu ya nini haili kongosho lenyewe? Kwanza hutengenezwa ikiwa imelala. Tena, mwaka 1936 waliona kwamba mu kongosho lile lile muna protini ndogo inayoziba mdomo wa tripsini, sawa vile kizibo cha chupa. Mwaka 1945 Kunitz akapata ingine mu soya. Ni sababu moja ya kupika soya vizuri.

Mwaka 1946 Northrop alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sumner na Stanley. Kunitz hapana. Tulibishana sana juu ya hiyo, na wengi wetu tunaona mikono yake ilisahauliwa.

Kile kizibo cha ng'ombe kina asidi amino 58. Cha koboko kina umbo lile lile, lakini viungo vingine vimebadilika: kinafunga milango ya potasiamu mu mishipa ya fahamu. Cha kimputu, chenye 60, kinazuia damu kuganda, mnyama anywe.

Kunitz alikufa mwaka 1978, akiwa na miaka 90. Jamaa yote ya protini hizo, za ng'ombe, nyoka na papasi, inaitwa kwa jina lake.