Eugene Bullard, Rubani Aliyetoka Kwetu Columbus

Ndugu zetu wa Columbus, mlio nyumbani na mlio mbali, ukurasa huu mwaka huu tumempa Eugene Bullard, mtoto wa William na Josephine, aliyezaliwa hapa kwetu tarehe 9 Oktoba 1895. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kurusha ndege ya kivita, na ndege yenyewe ilikuwa ya Ufaransa.

Hatuoni sababu ya kuficha kwa nini aliondoka. Baba yake aligombana na msimamizi kazini, na usiku genge la wazungu likaja hadi mlangoni kumtafuta wamuue. Watoto walikuwa ndani. Baba huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwasimulia kwamba huko Ufaransa mtu mweusi huhesabiwa mtu. Eugene akatoroka angali mdogo, akatangatanga Georgia miaka kadhaa, na mwaka 1912 akajificha ndani ya meli ya Kijerumani huko Norfolk, Virginia, ikamshusha Scotland. Alikula kwa ngumi zake ulingoni mpaka akafika Paris.

Vita vilipozuka 1914 aliingia jeshi la Ufaransa. Mwaka 1916 akajeruhiwa vibaya Verdun. Mwingine angeridhika na nishani. Yeye akaomba urubani, akapata leseni Mei 1917, na Agosti akawa vitani angani, tumbili wake Jimmy akiwa naye. Marekani ilipoanza kuwachukua marubani wake waliokuwa Ufaransa, naye aliomba. Weupe wengi walichukuliwa, yeye akaachwa.

Baada ya vita aliendesha klabu ya muziki wa jazi Paris, akaoa, akapata mabinti wawili. Ndoa ilipovunjika alibaki nao yeye. Wajerumani walipovamia 1940 alishika bunduki tena, akajeruhiwa tena, akakimbilia New York. Mabinti wakamfuata baadaye. Mwaka 1959, Ufaransa ilipomtunuku nishani ya Legion of Honour, alikuwa mwendesha lifti Rockefeller Center.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1961. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, tayari yuko kaburini miaka 33. Mwaka 2019 sanamu yake ilizinduliwa kwenye makumbusho ya ndege, Warner Robins, jamaa wa ukoo wake wakishuhudia.

Warner Robins si mbali na kwetu, lakini watoto wengi wa shule zetu hawajafika. Sehemu ya mchango wa mwaka huu itakodi basi la kuwapeleka.