Charles Dickens na Aibu ya Nyumbani

Wanachuo wenzangu, nikiulizwa riwaya gani inamfaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nataja Great Expectations. Ila utamu wake unaupata ukijua aliyeiandika alipitia nini.

Charles Dickens alizaliwa Portsmouth, Uingereza, Februari 7, 1812. Baba yake alikuwa karani wa jeshi la majini, mcheshi, mkarimu, lakini pesa haikai mkononi. Mwaka 1824 alifungwa gereza la Marshalsea, London, kwa sababu ya deni. Mke na watoto wadogo wakahamia humo humo gerezani. Charles, miaka 12 tu, alikuwa ameshapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vyombo vya dawa ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Baba alitoka baada ya miezi michache, mtoto akaendelea na kazi. Na siku baba alipoamua kumwachisha, mama alitaka arudi kule kule. Hilo Charles hakulisahau.

Baadaye alirudi shule, akawa karani kwa wakili, akajifunza hatimkato na kuripoti mijadala ya Bunge. Mwaka 1836 alianza kuchapisha The Pickwick Papers, na jina likavuma. Pesa ikaja. Lakini kumbe habari ya kiwanda aliificha! Alimweleza rafiki yake John Forster. Watoto wake walikuja kuijua yeye akiwa ameshakufa, Forster alipoandika maisha yake.

Mtu huyo ndiye aliyemwandika Pip, mwaka 1860 hadi 1861. Pip ni yatima, analelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi. Siku msichana Estella anapoicheka mikono yake migumu na viatu vyake, Pip anaanza kuona haya kwao. Anapopata pesa za mfadhili asiyemjua, anahamia London, anavaa vizuri, anakopa hovyo. Joe akija kumtembelea, Pip anatamani asingekuja.

Mfadhili mwenyewe anageuka kuwa Magwitch, mfungwa aliyetoroka ambaye Pip alimpa chakula utotoni. Mwanzo Pip anaona kinyaa. Mwishowe anakaa naye, kamshika mkono, mpaka anakata roho. Pesa zote zinapotea. Pip anaugua, na deni linamfuata. Joe anakuja kumuuguza, analilipa, kisha anaondoka asubuhi kimya kimya bila kuaga.

Mimi hapo namwona yule mtoto wa Marshalsea. Dickens alijua deni linavyovunja nyumba, na akamkabidhi kulilipa mtu ambaye Pip alimwonea haya. Pip anakua pale anapomfuata Joe kuomba msamaha, akiwa hana hata senti ya kujivunia.

Hapa chuoni akina Pip tupo. Boom likiingia tunabadilisha viatu, halafu simu ya mama tunaipokea nje ya chumba, kwa kunong'ona, wenzetu wasisikie lafudhi ya kwetu. Mzazi anayeuza mahindi ili ada itimie hajui kwamba anafichwa.

Dickens alikufa Juni 9, 1870, akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa, na siri yake hakuwaambia wanawe. Pip alisema yote. Sisi bado tuna muda: tumpigie mama, tena kwa sauti.