Flannery O'Connor: Mwandishi aliyefichwa jina la maradhi yake

KWA zaidi ya mwaka mmoja, mwandishi Flannery O'Connor wa Marekani aliugua maradhi ambayo mama yake aliyajua kwa jina, ilhali yeye mwenyewe hakuyajua.

Alizaliwa Savannah, katika jimbo la Georgia, Machi 25, 1925. Alikuwa na umri wa miaka 15 baba yake, Edward, alipofariki dunia mwaka 1941 kwa lupasi, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Desemba 1950, akirejea nyumbani kwa treni kwa ajili ya Krismasi, binti naye akaugua. Mwanzoni ilidhaniwa ni baridi yabisi. Daktari wa Atlanta alipogundua kuwa ni lupasi, mama yake, Regina, aliamua kumficha, akihofu kwamba habari hiyo ingemmaliza.

Ukweli aliambiwa na rafiki yake, Sally Fitzgerald, katika kiangazi cha mwaka 1952, mwaka ule ule ilipochapishwa riwaya yake ya kwanza, Wise Blood. Huruma ya mzazi huyo inaeleweka. Hata hivyo, ni baada ya kuujua ukweli ndipo O'Connor alipoacha mipango ya kurudi Connecticut, akaagiza vitabu vyake viletwe Andalusia, shamba la familia karibu na Milledgeville. Huko alifuga tausi na kuandika kila asubuhi kwa saa mbili tatu hivi.

Uhai wake uliokolewa kwa sindano za homoni iliyotolewa katika tezi za nguruwe, na kwa kotizoni. Lakini kufikia mwaka 1955 alitembea kwa magongo. Lupasi huweza, ingawa ni kwa nadra, kuvimbisha neva za uti wa mgongo na kupoozesha miguu katika muda wa saa au siku chache. Hupata takriban mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100. Kwa O'Connor haikuwa hivyo. Mfupa wa nyonga yake ulikuwa ukifa kwa kukosa damu, madhara ambayo leo madaktari huyahusisha na lupasi yenyewe na pia na dawa za jamii ya kotizoni.

Mapema mwaka 1964 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi, na lupasi ikaamka upya. Hospitalini alificha karatasi zake chini ya mto, asije akakatazwa kuandika. Alifariki Agosti 3, 1964, akiwa na umri wa miaka 39. Hadithi alizozikamilisha kitandani zilichapishwa mwaka uliofuata.