Usingoje Kaburi Ndipo Useme

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwako hakuna kelele. Chakula hupikwa kwa wakati, karo hulipwa, na majirani huwasifu. Lakini hebu jiulize: ni lini uliketi na mwenzako mkazungumza habari zenu wawili, wala si za unga na karo? Kabla hujajibu, sikiliza habari za mzee mmoja wa Uingereza ambaye jibu lake lilichelewa.

Thomas Hardy alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Dorset. Baba yake alikuwa mwashi, naye akajifunza kazi ya kuchora ramani za majengo. Mwezi wa Machi 1870 alitumwa Cornwall, upande wa magharibi, kukagua kanisa kuukuu la kijiji cha St Juliot lililohitaji kutengenezwa. Aliyempokea nyumbani kwa kasisi wa Kianglikana alikuwa Emma Gifford, ndugu wa mke wa kasisi huyo. Walipendana. Emma alikuwa hodari wa kupanda farasi, na walitembea pamoja kwenye majabali yaliyo kando ya bahari. Hardy alipotaka kuwa mwandishi wa vitabu, Emma alimtia moyo na hata kumnakilia kurasa kwa mkono. Walioana Septemba 1874.

Hardy akapata sifa na mali. Mwaka 1885 wakahamia nyumba aliyoijenga mjini Dorchester. Hawakujaliwa watoto. Polepole mapenzi yakapoa. Walitofautiana juu ya dini na juu ya vitabu vyake, na kila mmoja akajitenga na mambo yake. Mwishowe Emma alihamia vyumba vidogo vya juu, chini ya paa, huku mumewe akishinda chumbani mwake akiandika. Paa lilikuwa moja, lakini maisha yalikuwa mawili. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Asubuhi ya tarehe 27 Novemba 1912, Emma alifariki. Alikuwa akiugua, ila mumewe hakutambua kwamba hali ilikuwa mbaya kiasi hicho. Hardy alikuwa na umri wa miaka 72, na hawakupata hata nafasi ya kuagana.

Alipopekua karatasi za marehemu, alikuta maandishi ya namna mbili. Mengine yalikuwa ya uchungu, yakieleza jinsi Emma alivyomwona mumewe. Hayo Hardy aliyachoma moto. Mengine yalikuwa kumbukumbu za ujana wake na za siku walizokutana kule Cornwall. Hayo aliyahifadhi, nayo yakamchoma moyo.

Basi Machi 1913, miaka 43 baada ya safari ile ya kwanza, mzee alirudi Cornwall. Alipita njia zile zile na kuyatazama majabali yale yale. Baadaye aliweka kibao cha ukumbusho wa Emma katika kanisa la St Juliot. Tena aliandika mashairi mengi ya kumlilia, yaliyochapishwa mwaka 1914, na wasomi wengi huyahesabu kuwa miongoni mwa mashairi yake bora kabisa. Ndani yake hakujificha: alikiri kwamba walikuwa wameachana mioyo. Emma, aliyeyastahili maneno hayo kuliko watu wote, hakuyasikia.

Februari huo huo wa 1914 Hardy alioa tena. Mke wake mpya, Florence Dugdale, alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 39. Florence aliumia kuona mumewe akimlilia hadharani mke aliyetangulia. Kwa hiyo, wewe uliyefiwa na kuoa tena, mkumbuke marehemu bila haya, lakini mwenye kukupikia chai leo naye ana moyo.

Hardy alifariki tarehe 11 Januari 1928. Majivu yake yalizikwa London, katika kanisa kuu la Westminster Abbey, pamoja na wakuu wa taifa. Lakini moyo wake ulizikwa kijijini Stinsford, katika kaburi la Emma.

Mpenzi msomaji, usimcheke mzee huyu. Kwa mfiwa, kukumbuka kwa ukweli, mazuri pamoja na makosa, ni dawa, na Hardy alikuwa na ujasiri wa kuinywa. Lakini wewe ambaye mwenzako bado yu hai una nafasi ambayo yeye aliikosa. Njia kutoka chumba kimoja hadi kingine ni fupi kuliko safari ya kwenda Cornwall. Jioni hii, zima redio, vuta kiti karibu, mkumbushe mwenzako mahali mlipokutana mara ya kwanza. Kisha nyamaza umsikilize. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.