Rebmann: Aliyeona theluji Ulaya ikakataa kuamini

MSAFIRI atokaye Voi kwenda Taveta, mbingu zikiwa wazi, huuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro asishangae. Lakini mtu aliyeuona weupe huo katika nyika hiyo mnamo Mei 11, 1848 aliitwa mwongo kwa miaka zaidi ya kumi.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyezaliwa Januari 16, 1820 katika mji wa Gerlingen. Alitumwa na chama cha wamishonari cha CMS cha Uingereza, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Johann Ludwig Krapf.

Mwaka 1847 Rebmann alifika Kasigau, mlima wa Wataita ulio kusini mwa Voi. Mwaka uliofuata, akiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara, alipita Maungu na Bura akielekea Uchagani.

Wataita wa wakati huo waliishi milimani, mbali na tambarare zilizopitiwa na wapiganaji wa Kimaasai. Hali hiyo ndiyo iliyopanga makazi yao, njia zao na tahadhari zao mbele ya wageni.

Weupe ulipojitokeza, Bwana Kheri aliuita baridi tu, kwa kuwa pwani haina theluji wala neno lake. Masimulizi mengine yalidai kuwa ni fedha inayolindwa na pepo, kwani wengi waliotumwa kuichukua hawakurudi.

Rebmann, aliyekulia katika majira ya baridi ya Ujerumani, aliitambua theluji papo hapo. Baadaye mwaka huo alibaini kuwa Wachaga waliifahamu vyema: waliiita kibo, na walijua kuwa huyeyuka ikawa maji.

Mlima ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni malezi, lugha na mazingira ya waliouangalia.

Habari zake zilipochapishwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizipinga vikali. Katika elimu aliyoiamini, theluji haikuweza kudumu karibu na ikweta; basi aliyeiona amedanganyika.

Msafara wa Baron Carl Claus von der Decken ulithibitisha ukweli mwaka 1861 na 1862. Medali ya dhahabu ya chama cha jiografia cha Uingereza ilimwendea baron huyo.

Rebmann naye hakuwa huru na mipaka ya wakati wake. Ramani aliyoichora pamoja na Jakob Erhardt, kwa kutegemea maelezo ya wafanyabiashara, ilionyesha ziwa moja kubwa mno mahali penye maziwa kadhaa. Hata hivyo, kosa hilo lilichangia kuwaleta Richard Burton na John Speke kuyatafuta maziwa hayo mwaka 1857.

Yeye alibaki Rabai akikusanya maneno ya lugha za Waafrika, ikiwamo Kinyasa alichofundishwa na Salimini, mtu aliyekuwa mtumwa. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866.

Rebmann alirejea Ulaya mwaka 1875, baada ya takriban miaka 29, akiwa amepofuka. Alifariki Oktoba 4, 1876 huko Korntal, Ujerumani. Kamusi yake ya Kinyasa ilitolewa mwaka uliofuata.